Swali la Tisa

Ukurasa wa kumi na nne, swali la tisa:
*Taja wawekezaji wengine na kiasi cha kila mmoja.*
Kisanduku chenyewe kidogo kama stempu.
Kalamu yangu ikasita.
Nje, Burslem yanyeshewa mvua yake ya Jumanne,
mvua isiyo na haraka wala aibu.

Miaka kumi na tisa nabandika mikono ya vikombe.
Ukiukaza mkono, unapasuka motoni.
Ukiulegeza, siku moja utaanguka na chai ya mtu.
Doreen ndiye aliyenifunza kipimo,
nami nikamfunza neno *taratibu*,
hata leo hulitamka kama jina la dawa.

Mwezi wa pili Bwana Colclough alituita
kwenye chumba cha kukaushia.
Akasema: gesi.
Akanyamaza, kama mtu aliyetaja ugonjwa wa nyumbani.
Bili ya tanuri imezidi mishahara yetu sote,
na kuna bwana wa London anayelitaka jengo:
fleti thelathini na mbili,
na picha ya tanuri letu ukutani, ndani ya lifti.

Ndipo akaja binti wa Mfuko wa Mkoa,
Imogen Tranter, suruali nyeusi, viatu visivyojua vumbi.
Alipiga magoti kuchungulia tanuri.
Alipoinuka magoti yalikuwa meupe,
wala hakuyapangusa. Hapo nikampenda.
Tanuri la umeme, akasema, nusu tutatoa sisi.
Nusu ya pili ionyesheni ninyi.

Nusu ya pili: elfu ishirini na nne.
Benki ikatoa kumi na nne, kwa uso wa msiba.
Bwana Colclough akauza karavani yake ya Rhyl,
akapata nne na nusu, na mkewe hajamsemesha tangu hapo.
Pengo likabaki elfu tano na mia tano,
kama jino la mbele lililong'oka:
wote tunaliona, hakuna anayelitaja.

Sasa, sisi tuna upatu.
Wanawake kumi na mmoja, mia mbili na hamsini kila mwezi,
wa Tanga, wa Kigoma, wa Uvira, na Mganda mmoja aliyeolewa Longton.
Zamu ya Aprili ilikuwa yangu, nimeiwekea meno yangu.
Ya Mei ilikuwa ya Mwamvita,
naye ameiwekea bati la mamake, Muheza.
Nilimweleza jambo hili kwenye foleni ya duka la nyama.
Hakuniangalia. Alihesabu chenji yake, akahesabu tena,
akasema, *Bati limengoja masika matatu.*
Kisha: *Lakini nikilipwa, nilipwe kwa jina langu.*

Basi nikaandika: UPATU, herufi kubwa,
zikatoka nje ya kisanduku.

Imogen akapiga simu.
*Hii Upatu ni kampuni? Imesajiliwa wapi?*
Imesajiliwa Hanley, jikoni kwa Bi Sikujua,
kwenye daftari la mistari, kando ya sufuria.
*Hesabu zake zimekaguliwa?*
Kila mwezi, na watu kumi na mmoja, kwa sauti.
*Na mtu akishindwa kulipa, dhamana yenu ni nini?*
Nikatafuta neno la Kiingereza, nikapata moja tu.
Aibu, nikamwambia.
Kimya. Nikasikia akiandika.

Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni.
Kweli: kikombe changu cha nyumbani kina ufa,
nilikiokota kwenye kreti ya vilivyokataliwa,
na mkono wake niliubandika mwenyewe, siku nina homa.
Umekaa upande. Umekaa miaka minane.

Jibu bado. Wamesema wiki sita, hii ni ya saba.
Bwana wa London ametuma mtu na futi kupima madirisha.
Sisi tunabandika.

Jana, saa ya chai, Doreen aliniuliza,
upatu wenu huo, unachukua watu wa hapa?
Akajiandika namba kumi na mbili,
kwa penseli.
Leo asubuhi kaniomba kalamu.